Divai ya Boksi Katika Joto la Malindi

Karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi la kutengenezea divai nyumbani inaogopa baridi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Weka ndoo mahali penye joto. Usiiweke sakafuni, sakafu ina ubaridi. Hamira ikichelewa kuamka, izungushie blanketi. Niliisoma nikiwa kibarazani Muyeye, mwezi wa Machi, jasho linanidondokea juu ya karatasi yenyewe, nikajua aliyeiandika hakuwa akiniwazia mimi.

Boksi lilinifikia kwa njia ya kawaida kabisa hapa Malindi. Mimi ni mpishi, na nimewapikia Wataliano miaka mingi. Wako wengi hapa tangu enzi za San Marco, ule mtambo wa kurushia setilaiti uliosimamishwa baharini kule Ngomeni, uliorusha ya kwanza mwaka 1967. Anayerudi kwao haondoki na kila kitu. Huacha mashine za pasta, vyandarua, hata mbwa. Mwajiri wangu aliniachia boksi alilopewa zawadi na mgeni wake Mwingereza. Yeye mwenyewe hakutaka hata kulifungua. Kwake divai hutoka shambani, haitoki kwenye katoni.

Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko mzito wa juisi ya zabibu nyekundu iliyokolezwa, nzito kama asali, ndoo ya plastiki yenye kifuniko, dumu la lita 23, mpira wa kunyonyea, hidromita ya kioo, vipakiti vyenye namba, na kidude kidogo cha plastiki kilichopindapinda ambacho hutiwa maji na kupachikwa juu ya kifuniko ili hewa itoke isirudi. Zabibu zenyewe hazimo. Hilo huwashangaza watu, lakini ndiyo faida ya boksi: huku kwetu pwani hatuna zabibu za divai. Wenzetu wa Dodoma wanazo, na wanavuna mara mbili kwa mwaka, ila Dodoma iko juu, kwenye ukavu, na usiku wake si usiku wa Malindi.

Kwetu ni Ugiriamani, na baba mdogo ni mgema hadi leo. Nimekua nikimwona akipanda minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akichanja ubamba mwembamba kwenye ncha ya shuke ambalo bado halijafunuka. Utomvu unadondoka kwenye kibuyu, na kikishuka chini tayari kina povu. Asubuhi ni tamu, watoto hulambishwa. Jioni imekolea, ina kileo cha asilimia nne au tano hivi. Ukiiacha siku mbili unapata siki. Kwa hiyo kuchachuka si jambo geni kwangu. Geni ni kungoja.

Nililiweka boksi uvunguni hadi kusi ikaingia vizuri. Huo ndio uamuzi ninaoona ulikuwa na maana kuliko mengine yote. Machi hapa mchana hupita nyuzi 31, na usiku haushuki kwa kitu. Julai usiku hufika 22 au 23, na upepo wa kusi unavuma ndani ya nyumba kutwa. Karatasi inataka nyuzi 20 hadi 24. Halafu kuna jambo ambalo karatasi haikulisema kwa kuwa kwao halina shida: hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Chumba kikiwa nyuzi 27, ndoo kubwa inaweza kufika 30 na zaidi. Hapo hamira hukimbia, humaliza sukari haraka, harufu nzuri ya zabibu hutoka yote na hewa, na unabaki na kinywaji kinachochoma koo kama dawa ya kikohozi.

Maji nayo yalitaka kufikiriwa. Maji ya kisima mitaani kwetu yana chumvi; chai yake huijui kama ni chai au mchuzi. Maji ya mfereji yana dawa, na klorini haipatani na divai. Ungeweza kuyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha, klorini ikapungua, lakini mimi niliona boksi lenyewe nimepewa bure, basi nikanunua maji ya kunywa ya madumu ya lita 20. Zaidi ya nusu ya ujazo wa divai hii ni maji hayo, kwa hiyo kama hayanyweki, nayo haitanyweka.

Baba mdogo alikuja siku ile ya kuchanganya. Hakualikwa, alisikia tu. Alikaa kwenye kigoda akaniangalia nikisuuza kila kitu kwa maji yaliyotiwa metabisulfiti, dawa ya kuua vijidudu: ndoo, kijiko, kifuniko, mpaka mikono yangu. Ule unga una harufu kali inayopanda puani kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

"Wajitesa bure, mwanangu," akasema. "Mimi kibuyu changu sikioshi hivyo. Naacha masalio kidogo chini, ndiyo yanayoita mengine."

Na yuko sahihi kwa kazi yake. Masalio yale yana hamira ya porini iliyozoea mnazi, na mnazi unanyweka kabla bakteria hawajapata nafasi. Divai ya boksi inakaa wiki nyingi. Chochote kilichobaki kwenye ndoo kitapata muda wa kutosha kuiharibu, na kwenye joto letu kitaharakisha. Ndiyo maana unaua kila kitu kwanza, kisha unaingiza hamira moja tu uliyoichagua, inayoweza kustahimili kileo cha kufika asilimia 12 na kupita. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza, "Na hiyo moja ikifa?" Swali zuri. Ikifa, umebaki na lita 23 za sharubati ya gharama.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ndogo. Kwanza unga wa bentonaiti, ambao ni udongo mtupu, kwenye maji ya moto. Udongo huo baadaye hushuka na uchafu. Kisha juisi, kisha maji hadi alama ya lita 23, kisha unakoroga mpaka mkono uchoke, maana hamira inahitaji oksijeni mwanzoni. Vipande vya mti wa mwaloni vikamwagwa juu. Hamira ikanyunyizwa mwisho.

Kabla ya hamira ndipo unapotumia hidromita, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu bila kifaa hiki mengine yote ni kubahatisha. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Juisi ikiwa na sukari nyingi, kinaelea juu. Sukari ikigeuka kileo, kinazama. Unatia juisi kwenye mcheduara mwembamba, unakiachia, unakizungusha kwa vidole ili mapovu yasiking'ang'anie, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma. Maji matupu husoma 1.000; changu kilionyesha 1.086. Lakini pembeni, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, kimeandikwa kuwa kimepimwa kwa nyuzi 20. Juisi yangu ilikuwa karibu nyuzi 29. Kitu cha moto ni chepesi zaidi, kwa hiyo hidromita inazama kuliko inavyopaswa, na hapa kwetu unaongeza pointi mbili hivi: 1.088. Ukitaka kujua kileo tu, makosa ya mwanzo na ya mwisho yanakatana, hayakuumizi. Yanakuumiza pale karatasi inaposema subiri hadi ifike 0.996. Unasoma 0.996, unashangilia, na kumbe bado iko 0.998.

Ndoo niliiweka ndani ya beseni kubwa la kufulia, nikatia maji mpaka nusu ya kimo chake, nikaizungushia gunia lililolowa ambalo ncha yake ilikuwa majini ili liendelee kunyonya. Mlango wa mbele na dirisha la nyuma wazi, kusi ipite. Asubuhi na jioni nilitumbukiza kwenye beseni chupa za soda zilizojazwa maji na kugandishwa. Jirani mmoja anauza samaki, ana friza, tukaelewana. Stima ilipopotea usiku mmoja mzima, nilinunua barafu ya wavuvi kwenye gunia la taka za mbao, nikaosha kwanza, maana hakuna haja ya divai kunukia changu na kole. Kipimajoto kilichobandikwa ubavuni mwa ndoo kilikaa kati ya 23 na 25. Ningeridhika hata na 26.

Ilianza kesho yake kabla ya mchana. Ukifungua mlango, harufu inakupokea: mkate na matunda. Ukiinama husikia sauti ya kuchemka kwa chini, na kile kidude cha plastiki kinatoa mapovu moja baada ya jingine bila kupumzika. Povu la juu lilikuwa la rangi ya zambarau, na vile vipande vya mwaloni vilikuwa vinazunguka polepole vyenyewe bila kuguswa.

Harufu ile ndiyo iliyomleta jirani yangu, mama wa makamo, Mwislamu, mtu ninayemheshimu.

"Hodi. Mbona kwako kwanuka bekari leo?"

"Karibu, mama. Ni zabibu. Natengeneza divai."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Basi mlango wako ufunge, mwanangu, watoto wasije wakadhani ni sharubati."

Nikahamisha dirisha la kupitishia upepo upande wa pili, na tangu siku ile vyombo vya divai sikuviosha tena kwenye mfereji wa pamoja. Hakuniambia nifanye hivyo. Ukiishi Malindi unajua, mtu hangoji kuambiwa.

Siku ya nne au ya tano harufu ya mkate iliondoka ikaja ya yai bovu. Anayeanza akiinusa huenda akamwaga kila kitu chooni. Hiyo ni gesi ya salfa, na hamira huitoa ikibanwa, aghalabu kwa joto au kwa kukosa virutubisho. Ukiikoroga kwa nguvu kwa kijiko safi inatoka, na ukihamisha divai kwenda chombo kingine inatoka zaidi. Nilikoroga, nikaongeza barafu, na kesho yake ilikuwa imepungua. Baada ya kuhamisha ikaisha. Nzi wadogo wa matunda ndio ninaowaogopa zaidi kuliko harufu hiyo. Mmoja tu akitumbukia anaweza kuleta bakteria wa siki. Kifuniko hakiachwi wazi hata kwa kusema nachukua kijiko narudi.

Hidromita ilipofika 1.008 nikanyonya kwa mpira kutoka ndoo hadi dumu, ndoo ikiwa juu ya meza na dumu sakafuni, ncha ya mpira ikiwa juu kidogo ya mashapo. Kazi hii inataka utulivu. Ukirusha divai, inapigwa na hewa, na sasa hewa ni adui, ingawa siku ya kwanza ilikuwa rafiki. Dumu lijae karibu na shingo. Halafu unaliacha.

Kuliacha ndiko kulikomshinda baba mdogo. Alipita mara kwa mara akiuliza, "Bado?" Namwambia bado. "Na imeshakuwa pombe?" Imeshakuwa. "Sasa wangoja nini?" Nikampa kikombe. Ilikuwa na ukungu, chungu, na imejaa hewa inayouma ulimi. Akainywa yote, kwa adabu, akasema kwao pombe ikiwa hivi huwa imekosa mtu wa kuigema, akachukua kofia yake.

Baada ya hidromita kusimama pale pale kwa vipimo viwili mfululizo, 0.993 kwa kusoma na 0.995 kwa hesabu, ndipo nikafungua vipakiti vya mwisho. Hesabu ya kileo ni rahisi: toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131. Yangu ilitoka asilimia 12 na kitu. Kipakiti cha kwanza ni metabisulfiti tena, kidogo, ya kuilinda na hewa. Cha pili ni sobati ya potasiamu. Watu huiruka wakidhani ni dawa tu za kuongeza. Haiui hamira, inaizuia kuzaliana. Kama sukari kidogo imebaki na chupa zako zinakaa kwenye nyumba ya nyuzi 30, hamira ikiamka humo ndani, kizibo kitaruka au chupa itapasuka.

Kisha unakoroga kutoa hewa ukaa iliyonaswa ndani. Hapa kwa mara ya kwanza joto la Malindi lilinifaa. Kinywaji baridi hushikilia hewa. Chenye joto huiachia. Karatasi inasema ukoroge kwa bidii na bado inaonya kwamba kwenye chumba baridi hewa haitatoka. Mimi niliondoa barafu siku mbili kabla, divai ikapanda hadi nyuzi 27, nikakoroga kwa mpini wa mwiko, povu likapanda likashuka, likapanda likashuka, hatimaye likakataa kupanda. Dawa ya kuondoa ukungu wa divai ikatiwa. Wiki moja na kidogo baadaye ningeweza kuona vidole vyangu upande wa pili wa bilauri.

Chupa zilikuwa hadithi nyingine. Lita 23 ni chupa 30, na katika mji huu chupa tupu za divai hazikosekani; waokota chupa wanapita na mikokoteni nyuma ya mahoteli. Nilichagua zenye mdomo wa kizibo cha gome, si za kufunga kwa skrubu, na nikakataa zile nene za divai ya povu kwa kuwa mdomo wake hauchukui kizibo cha kawaida. Kuzilowesha ili lebo zitoke, kuzisugua kwa brashi, kuzimulika jua moja moja. Mende wafu, vitako vya sigara, mjusi mmoja aliyekuwa hai na mwenye hasira. Ukisikia mtu anasema divai ya nyumbani ni kazi rahisi, muulize nani alimwoshea chupa.

Vizibo vilisukumwa na mashine ndogo ya mkono niliyoazima. Siku chache za mwanzo chupa zilisimama wima, kisha zikalazwa ili kizibo kisikauke. Zinalala sakafuni, ukutani upande usiopigwa na jua la jioni. Wazungu husema zikae miaka. Labda kwa wao. Katika joto letu divai huzeeka haraka, hupoteza matunda na kugeuka rangi ya kahawia, kwa hiyo nimepanga ziishe kabla kaskazi haijakolea.

Ilipofika miezi miwili chupani ukali wa koo ulikuwa umelegea. Ladha ya plamu, mwaloni kidogo, na mwishoni uchachu mwembamba ambao ningependa upungue. Ni divai ya kawaida ya kunywea chakula, na kwa pweza wa nazi inakaa vizuri kuliko nilivyodhani. Aliyekuwa mwajiri wangu aliporudi kwa likizo nilimmiminia bila kumwambia. Akauliza ni ya mkoa gani.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaokumbuka vifo vya pombe ya sumu vya mwaka 2014: hii haina methanoli? Juisi yoyote ya matunda ikichachuka inatoa kiasi kidogo sana, kama divai ya dukani. Sumu iliyoua watu ilikuwa kwenye pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani. Hapa hakuna kinachopikwa wala kutoneshwa, na hakuna unachoongeza kisicho ndani ya vile vipakiti. Swali la pili ni kama nauza. Siuzi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka leseni, na mimi nina kazi ya jikoni inanitosha.

Safari ijayo nitabadilisha hamira. Kuna aina inayostahimili hadi nyuzi 35, K1-V1116, na kwa mtu wa pwani huo ni unafuu mkubwa kuliko barafu yoyote. Pia nitaanza Juni badala ya Julai, ili niwe na kusi yote mbele yangu. Rafiki zangu wawili wananishikilia nitengeneze nyeupe, wanasema ndiyo ya kunywa kwenye joto. Kuinywa, ndiyo. Kuitengeneza, inataka nyuzi 16 hadi 20 kwa wiki nzima au zaidi, na jirani yangu muuza samaki ameshaniambia friza yake ina wenyewe.